Magenge ya mtaani Marekani yaliingiaje kwenye biashara ya unga?

Mdadisi_tu: Wakuu habari zenu. Nimesoma kuhusu magenge ya Crips na Bloods wa Los Angeles, Crips walianza 1969 na Bloods miaka michache baadae, na mwanzoni ilikuwa vijana wanalinda mtaa wao na kupigana na wa mtaa wa pili, unga haukuwa ndo shughuli yao. Ikawaje miaka ya 80 genge na kraki (kokeini iliyopikwa ikawa vipande vya kuvuta) vikawa kama kitu kimoja?

MzeeWaKona: Mkuu anzia kwenye viwanda. Kule South Gate, jirani na Los Angeles, kiwanda cha matairi cha Firestone walifunga 1980, cha magari cha GM wakafuata 1982, baba mtu alikuwa anatoka shule anaingia kiwandani analea familia, mtoto anakuja kukuta geti lina kufuli. Muda huohuo kokeini ya Colombia inamiminika, bei inashuka, halafu ikaja kraki inayouzwa kwa vipande vidogo hata asiye na hela anamudu. Sasa biashara ya vipande inataka kona na inataka wenzako unaowaamini na jina la kuogopesha washindani, na hivyo vyote vijana wa maskani walikuwa navyo tangu zamani!

Sauda_M: Hapo kwenye viwanda nipo na wewe ila watu wasidhani genge zima lilikuwa kampuni. Watafiti Malcolm Klein na Cheryl Maxson walichambua kesi za polisi za LA miaka hiyo wakakuta magenge yanahusika kidogo kuliko ilivyokuwa inatangazwa, mara nyingi ni mtu na washkaji zake wawili watatu wanauza kivyao. Chicago ndo kulikuwa na ngazi za vyeo kabisa, kuna genge hesabu zao ziliwafikia watafiti Levitt na Venkatesh, bosi anavuna na dogo anayesimama kona anapata kwa saa chini ya kima cha chini cha mshahara. Inauma sana, dogo ndo anayepigwa risasi.

MzeeWaKona: Kweli dada, na dogo huyohuyo ndo aliyefungwa. Sheria ya 1986 ilisema gramu 5 za kraki ni miaka 5 jela, kokeini ya unga mpaka ufikishe gramu 500. Wakaijaza jela vijana weusi, na jela ukifika bila kundi huna wa kukulinda, so hata aliyekuwa anauza kivyake akatoka na genge. Walikuja kuilegeza 2010.