Ditekta za amonia na LPG kiwanda cha barafu Tanga: zifungwe kimo gani?

Raskazone_Barafu

Heshima kwenu wakuu. Kiwanda ni cha barafu na kuhifadhi samaki, Tanga mjini, kama meta 150 kutoka baharini. Chumba cha mashine kina meta 12 kwa 8, paa la mabati, kimo cha meta 5 kwenye kilele. Ndani mna kompresa mbili za amonia (gesi ya kupoozea), tangi la kupokelea na pampu. Feni ya kutolea hewa iko juu kwenye ukuta wa mashariki, unaotazama bahari. Pembeni kuna vyumba viwili vya baridi vya nyuzi −20. Nje kuna tangi la LPG (gesi kama ya kupikia) la boila, kama meta 90 kutoka ofisini.

Zimenunuliwa ditekta (vifaa vya kugundua gesi ikivuja) sita, zote za 4–20 mA (mkondo wa 4 ni sifuri, wa 20 ni mwisho wa kipimo): mbili za amonia za 0–100 ppm (sehemu kwa milioni), mbili za amonia za 0–1000 ppm, na mbili za LPG. Mkandarasi anataka zote zikae meta 1.5 kutoka sakafuni ili zisomeke bila ngazi. Paneli anataka iwe ndani ya chumba cha mashine. Naomba ushauri kabla kuta hazijatobolewa.

FundiBaridi

Mzuie kwanza asitoboe. Meta 1.5 inafaa sehemu moja tu hapo kwako, nayo ni vyumba vya baridi.

Mvuke wa amonia ni mwepesi, kama 0.6 ya uzito wa hewa, kwa hiyo unapanda na kujikusanya kwenye kilele. Ditekta moja ya 0–1000 iende juu, kwenye njia ya hewa kati ya kompresa na feni. Ila usiigandamize kwenye bati. Jua la mchana wa Tanga likipiga mabati, chini yake hutanda hewa ya moto ambayo inaweza kuuzuia mvuke usifike juu kabisa, na sensa nyingi mwisho wake ni nyuzi 50. Shusha sentimeta 50 hadi 60 kutoka kwenye bati.

Ya pili ya 0–1000 iende chini, sentimeta 30 hadi 50 kutoka sakafuni, karibu na pampu na tangi la kupokelea. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kushika neno "amonia ni nyepesi". Amonia ikiwa kimiminika, ikiruka kutoka kwenye sili ya pampu inatoka na ubaridi mkali (inachemka kwenye nyuzi −33), na kwa unyevu wa hewa ya pwani inakuwa ukungu mweupe, mzito, unaotambaa sakafuni. Ukungu huo haupandi mpaka upate joto. Ditekta ya kileleni itachelewa kuuona, na aliye karibu na pampu ataukuta miguuni.

Zile za 0–100 weka moja kila chumba cha baridi, kimo cha meta 1.5, kwa sababu feni za evaporeta (kipozeo cha hewa) zinachanganya hewa yote. Iweke upande ambao hewa inarudi kwenye evaporeta. Mbele ya feni itaota barafu usoni, na juu ya mlango pia, maana hewa ya nje yenye unyevu inaingilia hapo. Soma kibandiko cha sensa: kama kiwango chake cha chini ni −20, hiyo iko ukingoni, omba ya −40.

Sasa kuna pengo. Kengele ya kwanza ya amonia kwa kawaida inawekwa 25 ppm. Kwenye ditekta ya 0–1000, 25 ppm ni 4.4 mA tu, na sensa ikiyumba kidogo king'ora kitalia bure mpaka watu wakizime. Ongeza ditekta moja ya 0–100 ndani ya chumba cha mashine, kimo cha pua, karibu na mlango. Zile za 0–1000 zifanye kazi ya 150 ppm, yaani 6.4 mA: kuwasha feni ya dharura kwa kasi yote. Kuzima kompresa kwenye uvujaji mkubwa, kama 40,000 ppm, hakuna hata moja kati ya ulizonunua itakayofika huko. Hiyo inataka ditekta ya LEL (kiwango cha chini cha gesi hewani kinachoweza kuwaka) iliyokalibretiwa kwa amonia.

Na hiyo feni ya mashariki itazame upya. Kusi na kaskazi zote mbili hapo Tanga zinatoka upande wa bahari, moja kusini-mashariki, nyingine kaskazini-mashariki. Feni ya ukutani inayosukuma hewa dhidi ya upepo inapoteza nguvu mwaka mzima. Ipandishe itoe wima juu ya paa. Ukishaihamisha, washa moshi wa kupimia karibu na kila kompresa, tazama unakoelekea feni ikiwa inazunguka na ikiwa imezimwa, ndipo utie alama ya ditekta. Kanuni ya "ditekta moja kwa meta za mraba kadhaa" haijui hewa ya chumba chako inakopita.

Chumbageni_Umeme

Paneli isikae ndani kabisa. Anayetaka kujua kama mle mna gesi asilazimike kuingia kusoma. Paneli iende ofisini au chumba cha mlinzi, na nje ya kila mlango wa chumba cha mashine weka taa na king'ora, pamoja na kitufe cha kuwasha feni.

Kebo: nyuzi tatu za shaba za 1.5 mm² zenye skrini (wavu wa kukinga mwingilio wa umeme), laini yake kwa kila ditekta. Skrini ifungwe ardhini upande wa paneli tu, upande wa ditekta ikatwe na kufunikwa. Usikubali ditekta zote zivutwe kwenye jozi moja ya 0.5 mm². Piga hesabu: ditekta sita za 150 mA ni 0.9 A, kebo ya meta 90 kwenda na kurudi kwa unene huo ni karibu omu 6.7, unapoteza volti 6. Umeme wa TANESCO ukikatika na betri ya volti 24 ikishuka mpaka volti 21, ditekta ya mwisho inabaki na 15, na nyingi hazifanyi kazi chini ya 18. Yaani mfumo unakufa saa ile ile unapohitajika. Kwa ditekta saba na paneli, chukulia 1.5 A, saa 12 ni Ah 18, nunua Ah 26 ili kuwe na akiba betri ikizeeka. Ving'ora na rilei zina hesabu yake, ongeza juu.

Glendi (viungio vya kuingizia kebo) ziangalie chini, kebo ipinde kabla ya kuingia ili maji ya masika yadondoke kwenye pindo. Mafundi wengi wanamalizia kwa kupaka silikoni kuzunguka glendi. Kwa ditekta ya LPG ya pelistori (sensa inayopima gesi kwa kuiunguza kidogo) hiyo ni sumu: mvuke wa silikoni unaua sensa, nayo itaendelea kuonyesha sifuri safi kana kwamba hakuna gesi. Tumia grisi isiyo na silikoni. Kwa umbali huo na bahari, kasha na boliti ziwe za chuma cha pua cha 316, alumini italiwa na chumvi kwenye uzi wa kifuniko mpaka kisifunguke.

Raskazone_Barafu

Nimewaelewa sana, asanteni. LPG je? Na mkandarasi anasema akimaliza atazijaribu kwa kiberiti cha gesi na kitambaa chenye amonia. Inatosha?

Kalibresheni_Pongwe

Haitoshi. Kiberiti kinamwaga gesi kupita 100% LEL moja kwa moja kwenye pelistori, na kinaweza kuisogeza sifuri yake. Kikubwa ni kwamba kinakuonyesha sensa iko hai, hakikuonyeshi kama inasoma sawasawa. Dai mtungi wa gesi ya kupimia wenye cheti na tarehe ya mwisho: propani ya 50% LEL ndani ya hewa (si ndani ya nitrojeni, pelistori inahitaji oksijeni), na amonia ya 50 ppm kwa zile za 0–100 (za 0–1000 zinataka iliyo kali zaidi). Kwa amonia tumia regulata ya chuma cha pua na mrija mfupi wa PTFE (Tefloni), kwani mrija wa mpira unainyonya na usomaji unakuja mdogo. Mtiririko fuata kitabu cha ditekta, mara nyingi ni lita 0.5 au 1 kwa dakika, na subiri usomaji utulie kabla ya kugusa chochote.

LPG ni nzito, propani mara 1.5 ya hewa na butani mara 2. Moja iwe ndani ya nyumba ya boila, sentimeta 15 hadi 30 kutoka sakafuni, karibu na valvu za bana (kichomeo), mbali na mlango unaoingiza upepo. Ya nje weka sentimeta 30, isifikiwe na maji ya mvua yanayoruka, upande wa magharibi wa valvu na regulata ya tangi, ndani ya meta moja. Kwa pepo zile mbili alizotaja FundiBaridi, gesi mchana itaelekea huko. Usiku upepo wa nchi kavu unaweza kugeuza, kwa hiyo fedha ikiruhusu weka nyingine mashariki. Mtaro ukipita jirani uzibe au uutilie ditekta, maana LPG ikiingia mtaroni inatembea mbali na kutokea kusikotarajiwa. Kengele ziwe 20% LEL (7.2 mA) na 40% (10.4 mA), ya pili ifunge solenoidi (valvu ya umeme) ya gesi.

Zungumza na mkandarasi pia kuhusu dondora. Wanapenda sana tundu la sensa linaloangalia chini, wanalijaza udongo kwa siku chache, na ditekta inasoma sifuri tu. Agiza kinga ya wavu ya mtengenezaji, si wavu wa dirishani, na mlinzi azikague kwa macho kila wiki. Jaribio la gesi fanya kila mwezi kwa kuanzia, kalibresheni kila miezi sita. Sensa ya amonia inachakaa kwa kunusa: kwenye chumba chenye uvujaji mdogo wa kila siku haitamaliza muda ulioandikwa kwenye boksi, kwa hiyo kaza sili za kompresa kabla ya kulaumu sensa.

Ile ya kileleni ivutie mrija wa kupimia wa PTFE mpaka usawa wa mkono, wenye kifuniko chini. Kalibresheni yake ifanywe kupitia mrija huo huo, na siku ya kwanza iandikwe inachukua sekunde ngapi kufika 90% ya usomaji. Muda huo ukianza kurefuka, safisha kichujio kwanza. Usipopungua, badilisha sensa.