Vikundi vya Maendeleo ya Wanawake vijijini: vilianzaje, na vilifanya nini hasa?

MjukuuWaMathira

Hamjambo nyote. Kikundi cha akina mama cha kijijini kwetu Mathira, Nyeri, nchini Kenya, kimeniomba niandike historia yake wakati waasisi wachache waliobaki wangali hai. Madaftari ya mikutano ya miaka ya mwanzo hayapo, na masimulizi ninayopewa hayapatani. Nyanya mmoja anasema kikundi kililetwa na serikali ya mkoloni ili kuwatenga wanawake na wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa msituni. Mwingine anashikilia kwamba walikianzisha wao wenyewe ili waezeke nyumba zao kwa mabati. Naomba mwenye kujua anieleze ni simulizi ipi iliyo sahihi, na vikundi hivyo vilikuwa vikifanya shughuli gani.

Mwalimu Mstaafu

Nyanya hao wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja anasimulia kipindi chake. Maendeleo ya Wanawake, chama ambacho vikundi hivyo vilikuwa chini yake, ilianzishwa mwaka 1952 chini ya idara ya serikali ya maendeleo ya jamii, mwaka uleule ambao serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari mwezi wa Oktoba kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Viongozi wa juu walikuwa wanawake wa Kizungu, na viongozi wa vikundi walipata mafunzo katika shule ya Jeanes, Kabete: kushona, kufuma, kupika, usafi wa nyumba na malezi ya watoto. Kuanzia mwaka 1954, watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati walipohamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro, serikali ilivitumia vikundi hivyo kuwavuta wanawake waache kuwapelekea wapiganaji chakula na habari.

Hata hivyo, usiandike kwamba waliojiunga walikuwa vibaraka. Mama ambaye mumewe alikuwa kizuizini, na ambaye mchana kutwa alichimba mitaro na matuta kwa lazima, alikwenda mahali ambapo mtoto wake angeweza kupata maziwa. Nami naona ni dhuluma kumhukumu leo kwa jambo hilo. Ongeza pia kwamba mwaka 1958 Phoebe Asiyo alikuwa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa kuwa rais wa chama hicho, yaani uongozi ulianza kubadilika hata kabla ya uhuru.

Katibu wa Kikundi, Murang'a

Namshukuru Mwalimu. Niongeze habari za mabati, kwa sababu hapo ndipo akina mama walipokigeuza chombo hicho kuwa chao. Katika miaka ya 1960, baada ya ardhi kupimwa na kuwekewa mipaka, nyasi za kuezekea zilikuwa adimu, na paa la nyasi lilivuja na kuhitaji kurudiwa mara kwa mara. Wanawake walikuwa tangu zamani wakilimiana mashamba kwa zamu, kwa desturi ya ngwatio. Sasa wakaiingiza fedha katika desturi hiyo. Walikwenda kwa pamoja kupalilia au kuchuma kahawa katika mashamba ya wenye uwezo, ujira ukatiwa katika mfuko mmoja, kila mmoja akaongeza mchango wake, kisha mabati yakanunuliwa kwa ajili ya nyumba ya mmoja wao. Siku ya kuezeka wenzake walifika kwa nyimbo na kumsaidia kazi, na mwezi uliofuata zamu ikahamia kwa mwingine.

Faida haikuwa paa tu. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye mabati yalimpunguzia mama safari ya mtoni, ambako alipanda mlima na pipa mgongoni, kamba ikimkaza kwenye paji la uso. Ndiyo maana baada ya mabati vikundi vingi viliendelea na matangi, kisha ng'ombe wa gredi, yaani wa maziwa wa aina bora, na vingine vikanunua mashamba na majengo ya kupangisha.

Mama wa Vihiga

Kwetu magharibi tunakumbuka zaidi jiko la kuni la Maendeleo, lililoenezwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Wajerumani. Lilikuwa pete ya udongo wa kuchoma iliyojengewa kwa tope jikoni, na baadhi ya vikundi viliziuza pete hizo. Katika historia yako usisahau pia mwaka 1987, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipounganishwa na KANU, chama kilichotawala Kenya wakati huo. Kwa maoni yangu muungano huo ulikidhuru sana, kwa sababu uongozi wa wilaya uligeuka kuwa ngazi ya siasa. Viwili hivyo viliachana baada ya mfumo wa vyama vingi vya siasa kurejeshwa, lakini vikundi vya vijijini vilikuwa vimeendelea na michango yao muda wote huo, kwa kuwa havikusubiri fedha kutoka Nairobi.

MjukuuWaMathira

Nawashukuru sana. Je, bila madaftari, nitayathibitisha vipi haya kwa kikundi chetu?

Katibu wa Kikundi, Murang'a

Anza kwa familia ya mweka hazina wa kwanza badala ya katibu, maana daftari la michango lilitunzwa kwa uangalifu kuliko la mikutano. Kisha waulize waasisi nyumba ya nani iliezekwa kwanza, ikafuata ya nani: mpangilio huo hawausahau, na utakupa majina ya wanachama wote. Habari za miaka ya 1950 zitafute Nairobi, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, kwenye majalada ya idara ya maendeleo ya jamii.