Zege la punje za povu ghorofani: ni ujenzi au tunauziwa takataka?

Mjenzi wa Forest Mpya
Wakuu, habari za baridi. Nina kaghorofa hapa Mbeya. Slabu ya choo cha juu imeshushwa ili mabomba yapite, sasa limebaki shimo la sentimita 25 la kujaza. Kijana mmoja ananiletea magunia ya punje nyeupe, lile povu la kwenye boksi la TV ila dogo kama dengu. Anasema nichanganye na saruji. Mwenzangu kazini anasema ni takataka za mjini zinatafutiwa pa kutupwa. Mnasemaje?

Dada Zege
Piga hesabu kwanza. Zege la kawaida mita moja ya ujazo ni kama kilo 2,400. Kwa shimo lako, kila mita ya mraba unaibebesha slabu kilo 600 kabla hujaweka hata vigae. La punje linaweza kuwa na robo tu ya uzito huo, maana punje karibu yote ni hewa. Ila ni la kujazia tu. Usimwage nguzo wala boriti. Na lazima upime, siyo hawa mafundi wetu wa kupima kwa macho na kutema mate.

Mzee wa Uyole
Vifaranga wa kaka yangu walikaa kwenye banda lenye kuta za povu. Panya walitoboa wakaweka maskani. Nimemaliza.

Fundi Kigoda
Dada Zege, hilo la kutema mate umelitoa wapi? Miaka 22 niko kwenye saiti, Mafinga hadi Tunduma. Bosi ananunua mifuko mitano ya saruji, anataka ukuta wa mifuko tisa, ukipasuka fundi mwizi. Pimeni nyinyi mifuko yenu kwanza.

Dada Zege
Fundi, sikukutaja jina. Nasema lazima upime kwa sababu punje zinaelea. Ukimwaga maji kama umezoea, zote zinapanda juu na saruji inabaki chini. Unaanza na uji mzito wa saruji, punje zishike, ndipo mchanga kidogo.

Fundi Kigoda
"Sikukutaja jina." Haya. Kwani mafundi wa Mbeya ni wangapi tunaoandika humu?

Kamwene wa Iringa
Kamwene wote. Fundi ana hoja. Mimi niliibiwa saruji na msimamizi mwenye diploma, siyo na fundi.

Mama Parachichi
Jamani, punje! Huku Njombe kuna watu wanazichanganya kwenye udongo wa vitalu vya miche, eti maji yapite vizuri. Kweli yanapita. Lakini mvua ya kwanza zinaelea, zinajaa mtaroni, kuku wanadonoa. Haziozi. Mifuko ya plastiki tulikatazwa 2019, halafu tunarudishiwa plastiki kwa gunia?

Mjenzi wa Forest Mpya
Mama, zangu zitafungiwa ndani ya saruji.

Mama Parachichi
Na zile zitakazopeperuka siku ya kufungua gunia? Upepo wa Agosti unaujua wewe?

Kijana wa Tukuyu
Mimi nashangaa. Rungwe kuna mawe ya volkano mepesi, ukiyatupa kwenye ndoo yanaelea. Yako chini ya migomba. Ukisaga hayo unapata zege jepesi lisilooza, lisiloungua, na hela inabaki kijijini. Sisi tunanunua hewa.

Fundi Kigoda
Mawe hayo yanakunywa maji kama ng'ombe. Usipoyalowesha kwanza yananyonya maji ya saruji. Unaona? Fundi wa macho anajua.

Dada Zege
Hapo nakubaliana nawe kabisa, kaka.

Mzee wa Uyole
Na moto je? Shemeji alichomelea geti karibu na magunia hayo. Cheche moja tu, moshi mweusi, tukakohoa hadi jioni.

Dada Zege
Magunia yaweke mbali na moto, mzee wangu. Povu likishakuwa ndani ya zege na juu kuna plasta, hali ni tofauti sana. Ila petroli, tina ya rangi na gundi zenye kiyeyushi zisimwagike karibu, zinayeyusha povu kama sukari kwenye chai. Wanorwe waliweka mabonge yake chini ya barabara tangu 1972 kwa sababu ardhi ilikuwa laini, na walikuwa na akili ya kuyafunika.

Kamwene wa Iringa
Wanorwe hawana msimamizi mwenye diploma.

Fundi Kigoda
Ndugu yangu, umenifurahisha, ila diploma usiitukane. Mwanangu anasomea hiyo hiyo.

Kamwene wa Iringa
Basi mwambie asiniletee hesabu ya mifuko 80 kwa choo kimoja.

Fundi Kigoda
Wewe ulikuwa na choo au kisima? Mfuko wa kilo 50 mmoja…

Mjenzi wa Forest Mpya
Wakuu, kijana yuko getini na magunia. Nichukue au nisichukue?

Mama Parachichi
Muulize kwanza yakibaki atayarudisha nani.

Fundi Kigoda
Mfuko mmoja, Kamwene, unatoa tofali ngapi? Jibu hilo kwanza.