Kuzuia maji yasirudi nyuma kwenye jengo la biashara: chekivalvu mbili, RPZ au mwanya wa hewa?

Msimamizi_Ilala (mleta mada)

Habari za wakati huu, wadau. Ninasimamia jengo la ghorofa nne hapa Dar es Salaam. Chini kuna mgahawa, saluni na sehemu ya kuosha magari, ghorofa ya kwanza ina kliniki ya meno, na juu ni ofisi. Maji tunayapata kutoka sehemu mbili: bomba la mamlaka, ambalo huja kwa mgao, na kisima kirefu chenye maji ya chumvi kidogo, tunachokitegemea kwa vyoo na magari.

Wiki mbili zilizopita maji ya mamlaka yalikatika alfajiri, na yaliporudi mpishi wa mgahawa alikinga ndoo ya kwanza akakuta ina povu na harufu ya sabuni ya magari. Tulipofuatilia tuligundua kwamba kijana wa kuosha magari alikuwa ameacha mpira umezama ndani ya pipa la sabuni, huku koki ikiwa wazi. Hakuna aliyeugua, lakini tangu siku hiyo sina amani, kwa sababu maji yale yangekuwa na uchafu usio na povu wala harufu yangeingia kwenye chai ya wateja bila mtu yeyote kujua.

Nimewaita mafundi watatu. Wa kwanza anapendekeza chekivalvu moja (valvu inayoruhusu maji kwenda upande mmoja tu) baada ya mita, wa pili chekivalvu mbili zilizofuatana zenye vikoki vya kupimia, na wa tatu anasema niagize RPZ, kifaa chenye chekivalvu mbili ambacho humwaga maji nje yakitaka kurudi nyuma. Jirani yangu naye anasema niachane na vyote hivyo, maji yote yamwagike kwanza kwenye tangi kisha yasukumwe kwa pampu. Ninaomba ulinganisho kutoka kwa wenye uzoefu.

FundiBomba_Tanga

Pole sana, ndugu mleta mada. Kabla ya kuchagua kifaa ni vizuri kujua kwamba maji hurudi nyuma kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kunyonywa: presha ya barabarani ikishuka, au majirani wakianza kuvuta kwa pampu zilizofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka, bomba lako linageuka mrija na kufyonza chochote ambacho mdomo wake umezama ndani yake. Hicho ndicho kilichotokea kwenye pipa lako. Njia ya pili ni kusukumwa, yaani ndani ya jengo kuna presha kubwa kuliko ya nje. Kila mita 10 za kimo cha maji ni takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha), na pampu ya kisima inaweza kutoa bar 3 au zaidi, hivyo kisima kikiwa kimeungwa na bomba la mamlaka, maji ya chumvi yatasukumwa hadi mtaani.

Chekivalvu moja mimi siihesabu kama kinga ya maji ya kunywa. Punje moja ya mchanga ikikaa kwenye kiti cha valvu, haifungi tena, na hakuna namna ya kujua mpaka siku ya balaa. Chekivalvu mbili ni afadhali, na zile zenye vikoki vya kupimia zinaweza kukaguliwa bila kufunguliwa, lakini nazo zikichoka hazitoi dalili yoyote.

Mhandisi_wa_Maji

Ninakubaliana na fundi, ila ningependa kuongeza jambo ambalo naona mafundi wote watatu wamelipita. Wote wanataka kufunga kifaa chao kwenye mita. Kifaa kilicho kwenye mita kinawakinga majirani dhidi ya jengo lako, jambo ambalo ni la lazima, lakini hakimkingi mpishi wako dhidi ya muosha magari wako, kwa kuwa wote wawili wako upande mmoja wa kifaa hicho. Ungekuwa na RPZ bora kuliko zote pale kwenye mita, bado sabuni ingeweza kusogea kutoka tawi la magari hadi tawi la jikoni.

Kwa hiyo panga kwanza hatari zilizo ndani. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 1717 kinagawa maji katika madaraja matano, kuanzia maji safi ya kunywa hadi maji yenye vijidudu vya magonjwa. Kwa mgawanyo huo chekivalvu moja huishia daraja la 2, RPZ huishia daraja la 4, na daraja la 5 kwa kawaida hukingwa kwa mwanya wa hewa, yaani bomba kumwaga maji kwenye tangi kutoka juu bila mdomo wake kugusa maji, kama anavyoshauri jirani yako. Vyoo na viti vya matibabu ya meno viko daraja la 5. Kliniki yako, ambayo umeitaja kwa maneno machache tu, ndiyo inayonitia hofu kuliko magari.

Kisauni_Mwenyeji

Mimi nipo Mombasa na ninaitetea RPZ kidogo. Tangi si dawa ya kila kitu. Nimefungua matangi mengi ya majengo ya biashara nikakuta kifuniko hakipo, mjusi amekufa ndani, na tope limejaa chini kwa miaka. Mtu anayeyatoa maji yenye klorini kwenye bomba na kuyaweka kwenye tangi la namna hiyo ameyaharibu yeye mwenyewe. RPZ inayaacha maji ndani ya bomba yakiwa na presha yake, na umeme ukikatika mgahawa unaendelea kupata maji.

Mtanzania_Minnesota

Ninafanya kazi ya matengenezo ya majengo huku Marekani, na RPZ ninaziona kila siku. Ndani mna chekivalvu mbili, na katikati yake chumba ambacho presha yake hubaki daima chini ya presha ya maji yanayoingia. Chekivalvu yoyote ikivuja, au presha ya barabarani ikishuka, mlango ulio chini ya chumba hicho hufunguka na kuyamwaga maji nje badala ya kuyaacha yarudi. Ni kifaa kizuri sana, lakini kina masharti. Kinapaswa kuwa juu ya sakafu kwa takriban sentimita 30, mahali penye mfereji wa kupokea maji yanayomwagika, na kamwe kisiwekwe ndani ya shimo linaloweza kujaa mvua. Kinakula presha ya kati ya bar 0.7 na 0.8, kwa hiyo penye mgao dhaifu, ghorofa za juu zitaumia. Zaidi ya yote, hukaguliwa kinapofungwa na kila mwaka baada ya hapo, kwa vipimo maalumu. Ndugu, kabla ya kuagiza, uliza ni nani atakayekipima mwakani na mipira yake ya ndani utaipata wapi.

Bwana_Afya

Naomba nichangie kwa upande wa afya. Mwaka 1933, wakati wa maonyesho makubwa ya Chicago, wageni wa hoteli walipata kuhara damu kunakosababishwa na amiba, na watu 98 wakafa. Chanzo kilikuwa mabomba yenye kasoro ndani ya hoteli, yaliyoruhusu majitaka kuchanganyika na maji ya kunywa.

Tukio la karibu zaidi na hali yako ni la mji wa Nokia, Finland, mwezi Novemba 2007. Kwenye kituo cha kusafishia majitaka, bomba la maji ya kunywa na bomba la majitaka yaliyokwisha kusafishwa yalikuwa yameungwa, yakitenganishwa na valvu. Valvu ikafunguliwa, na maelfu ya watu wakaugua. Ninaomba kila msimamizi mwenye kisima alitafakari hilo, kwa sababu ninapokagua majengo nakuta kisima na bomba la mamlaka vimekutanishwa kwenye bomba moja, kila upande getivalvu yake (valvu ya kufunga na kufungua kwa mkono), na mlinzi wa usiku ndiye anayebadilisha. Hiyo si kinga hata kidogo.

Msimamizi_Ilala

Nashukuruni sana. Bwana Afya, umeeleza jengo langu kana kwamba umelitembelea: getivalvu mbili zipo, na mlinzi ndiye mwenye kazi hiyo. Je, nikitaka kuendelea kutumia vyanzo vyote viwili, nifanyeje? Na nimegundua kwamba kuna bomba la pembeni linaloruka tangi tulilonalo na kwenda moja kwa moja jikoni, lililowekwa kwa ajili ya siku ambazo presha ni nzuri.

Mhandisi_wa_Maji

Kata bomba hilo na uzibe ncha zote mbili, kwa maana likibaki, mwanya wa hewa unakuwa haupo. Kisha uwe na matangi mawili. La kwanza ni la jikoni, saluni na mabomba ya kunywa, na linajazwa na mamlaka peke yake. La pili ni la vyoo na magari, linajazwa na kisima, na kisima kikikauka maji ya mamlaka yadondokee humo kutoka juu bila bomba kugusa maji. Kliniki iwe na kitangi chake kidogo chenye mwanya wake. Kwa mpangilio huo RPZ siioni ya lazima, na fedha yake inunulie tangi la pili, vifuniko vinavyofungwa na usafishaji wa mara kwa mara ambao ndugu wa Mombasa ameudai kwa haki.

FundiBomba_Tanga

Nyongeza ya kazi yenyewe. Mdomo wa bomba linaloingiza maji uwe juu ya usawa wa maji yanapofurika kwa mara mbili ya kipenyo chake, kwa hiyo bomba la milimita 25 linataka mwanya wa milimita 50, na bomba la kumwagia maji yanayozidi liwe nene kuliko la kuingizia, la sivyo maji yatapanda na kuufunika mdomo. Chungulia pia ndani ya tangi ulilonalo sasa. Mafundi wengi huongeza kipande cha bomba kutoka kwenye koki ya boya hadi chini ili kupunguza kelele, na kipande hicho kikizama kinaondoa kinga yote.

Kwenye koki ya mpira wa magari funga kifaa kidogo cha kuingiza hewa, kile kinachovunja mnyonyo. Hakizuii maji yanayosukumwa, na hakitaki koki nyingine mbele yake, hivyo ile bastola ya kukatia maji kwenye ncha ya mpira iondolewe, au mfungie kijana valvu yake nyuma ya kifaa, upande maji yanakotoka.

Msimamizi_Ilala

Nimepanda juu jioni hii na tochi. Kipande hicho kipo, kirefu kiasi cha mita moja, na nusu yake imezama. Nimekikata leo hii, na kesho fundi anakuja kuliondoa bomba la pembeni.