Waliowahi kungoja majibu ya Mechi ya Marekani, tupeane uzoefu

Zamu ya Usiku
Wakuu, habari za majukumu. Nasemea ile Mechi (Match), mfumo wa kompyuta unaowapangia madaktari hospitali za kusomea ubingwa Marekani. Intaneshipu nimemaliza, mitihani yao ya leseni, Step 1 na Step 2, nimefaulu, na cheti cha ECFMG, kile cha kuwaruhusu madaktari waliosoma nje, ninacho. Juzi nimefunga orodha yangu ya hospitali, kuanzia ninayoitaka zaidi, sasa nangoja ile Jumatatu ya majibu ya Machi. Nimeitwa usaili mara tano, mara moja tu kwa upasuaji wa mifupa, zilizobaki magonjwa ya ndani. Moyo wangu uko kwenye mifupa. Mliopita njia hii, mlipata fani mliyoitaka au mlichukua mliyopewa? Usingizi sina.

Mzee wa Stetho
Mifupa kwa mtu wa nje, mdogo wangu, ni tundu la sindano. Mwaka 2024 waliokuwa wanamaliza shahada ya udaktari (MD) Marekani kwenyewe walipata nafasi asilimia 93.5. Sisi tuliosoma nje na si raia wao, 58.5. Tena hao ni waliofika hatua ya kuandika orodha tu. Aliyetuma maombi mia asiitwe usaili hata mmoja hayumo kwenye hesabu. Na hapo ni fani zote kwa pamoja. Wengi wetu tunaingilia magonjwa ya ndani, udaktari wa familia na watoto.

Mama Junior
Kweli tupu.

Binti Pongwe
Uzi huu umenitonesha kidonda.

Nilitaka upasuaji tangu intaneshipu, tangu usiku niliposhika ritrakta, kile chuma cha kutanulia kidonda, masaa matano nikasahau kwamba sijala. Niliomba nikiwa nyumbani Tanga. Usaili wangu wote ulikuwa wa mtandaoni, asubuhi yao ni jioni na usiku wetu. Niliitwa mara nne. Katikati ya ule wa upasuaji umeme ukakatika. Nikahamia bando la simu, mdogo wangu akaja na chemli, akaiinua usawa wa uso wangu na kusimama nyuma ya kompyuta dakika ishirini, mafuta yananuka, jasho linamtiririka, mkono unatetemeka. Nilijibu maswali yote. Kwenye orodha nikaiweka hospitali ile namba moja.

Jumatatu ya majibu ilikuwa 17 Machi 2025, tumefunga. Niko jikoni natia tui zito kwenye muhogo wa futari, simu ikalia. Nikaifungua kwa vidole vyenye nazi. Sikupata popote. Si upasuaji, si magonjwa ya ndani. Mama alinitazama usoni akaelewa, akasema, "Koroga mwanangu, tui litakatika." Nikakoroga. Machozi yanaingia mdomoni na saumu yangu.

Basi ukaanza ule mzunguko wa nafasi zilizobaki, SOAP. Unaruhusiwa maombi 45, na ni marufuku wewe kuitafuta hospitali mpaka wao wakutafute kwanza. Simu nililala nayo kifuani. Alhamisi, tumeshafuturu, ikaja ofa ya udaktari wa familia, mji ambao sikuwahi kuusikia. Una masaa mawili ya kujibu. Nikamwambia baba, "Si upasuaji." Akaniuliza, "Wagonjwa utawashika?" Nikasema ndiyo. Nikabonyeza kukubali.

Sasa niko mwaka wa kwanza kati ya mitatu. Nazalisha, nashona majeraha, nawapenda wagonjwa wangu. Lakini nikipita mlango wa chumba cha upasuaji bado moyo unashtuka.

Mama Junior
Hapo kwenye tui nimelia.

Kamanda wa Wodi
Pole dada, ila kosa ni lako. Ungetanguliza magonjwa ya ndani ungepata. Namba moja umeipoteza kwa tamaa.

Mzee wa Stetho
Kamanda, usipotoshe vijana. Kompyuta inaanza na orodha ya mwombaji. Ukikosa chaguo la kwanza unashuka la pili kana kwamba ndilo ulilolitanguliza. Aliyekaa pale kwa muda anatolewa kama hospitali imekupanga wewe juu yake. Alvin Roth, mmoja wa walioufuma upya mfumo huo miaka ya 1990, alipata Nobel ya uchumi 2012 pamoja na Lloyd Shapley. Kutanguliza unachokipenda hakukupunguzii kitu. Kilichomwangusha Binti ni uchache wa usaili. Mara nne ni kidogo mno kwa mtu wa nje.

Kamanda wa Wodi
Nasema nilichokiona. Jamaa yangu alitanguliza ngozi akakosa zote.

Mama Junior
Na angeiweka ya mwisho angekosa vilevile.

Mkazi wa Upanga
Mnahangaika nini? MMed, shahada ya ubingwa ya hapa kwetu, ya watoto Muhimbili ni miaka 3, na fani unaomba moja kwa moja ile unayoitaka. Wodi zetu zimejaa watoto wawili wawili kitandani, nyie mnalilia kwenda kwa watu.

Daktari wa Nakuru
Ndugu, ada ya MMed utanilipia wewe? Huku Marekani residenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, ni mwajiriwa, analipwa mshahara akisoma. Na hatujatoroka: mwenye J-1, viza ya mafunzo, anakuja na barua ya wizara ya afya ya kwao, na akimaliza anarudi kwao miaka 2, au atumikie miaka 3 mahali penye uhaba wa madaktari ndipo asamehewe.

Mimi nilitaka watoto, nikaangukia magonjwa ya akili, miaka 4. Mwaka wa kwanza nililia sana. Wa pili kuna mzee alikuwa hajamsemesha mtu wiki nzima. Nilikuwa nakaa naye tu baada ya raundi. Siku moja akaniuliza, "Kwenu mvua inanyesha mwezi gani?" Sasa hata mkinipa watoto sihami.

Kamanda wa Wodi
Zamu, ukikosa mwaka huu uza hata shamba ujaribu tena.

Mzee wa Stetho
Shamba usiuze! Tafuta nafasi ya utafiti, upate barua za mapendekezo za madaktari wa huko.

Zamu ya Usiku
Asanteni wote. Mifupa nimeiacha namba moja. Binti Pongwe, SOAP ikinifika, yale maombi uliyaandaa mapema au usiku uleule?

Binti Pongwe
Andaa leo. Barua ya kujieleza ya familia iwe yake, ya magonjwa ya ndani iwe yake. Mimi ya familia niliiandika Jumatatu ileile baada ya tarawehe, macho yamevimba, na ndiyo waliyoniulizia kwenye simu.