Mrejesho: ule mlango wa chumba cha umeme
Wakuu nimerudi, ni yule niliyeuliza kama mlango wa chumba cha umeme huku Houston utapita ukaguzi: bodi ya kugawia umeme ya ampea 1600, upana kama mita 2 na nusu, mlango mmoja tu tena unafungukia ndani. Inspekta kaja jana kaukataa palepale. Kanuni za NEC, yaani kanuni za umeme za huku Marekani, zinasema bodi ya ampea 800 kwenda juu, mlango ulio ndani ya mita 7.6 kutoka eneo la kufanyia kazi mbele ya bodi lazima ufungukie nje na uwe na ile baa ya kusukuma, maana bodi ikikulipukia mikono imeungua kitasa utakizungushaje? Kulazimika kuweka mlango wa pili tumeponea chupuchupu, kwa sababu nafasi mbele ya bodi ni mara mbili ya inayotakiwa. Ila bosi alishanunua kitasa cha duara, kanuna hadi sasa hivi.