Je, kuna leseni ya mwendesha mtambo wa maji? Naomba mwongozo, nipo Magu

Pampu ya Magu aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mwendesha pampu katika mradi mdogo wa maji kijijini, kando ya ziwa, wilayani Magu, na kazi hii nimeifanya kwa miaka sita. Nilihitimu kidato cha nne nikiwa na alama D nne, ikiwemo ya Kemia, na ufundi wote nilionao nimeupata kwa kumtazama mzee aliyenitangulia, ambaye sasa amestaafu. Binamu yangu anayeishi California ananiambia kwamba huko mtu haruhusiwi kusimamia mtambo wa kutibu maji bila kufanya mtihani wa serikali na kupewa daraja. Je, hapa kwetu ipo leseni ya namna hiyo, na kama ipo, nianzie wapi?

Naomba pia niseme kinachonikera. Mwaka jana niliomba kazi kwenye taasisi moja, nikaambiwa kwamba uzoefu wangu hauna karatasi, kisha akachukuliwa kijana aliyekuwa hajawahi kushika vali.

Mstaafu wa Nyegezi alijibu:

Mwanangu, binamu yako amesema kweli kuhusu huko aliko. California ina madaraja matano kwa watu wa kutibu maji, kuanzia T1 hadi T5, na mengine matano, D1 hadi D5, kwa wanaosimamia mtandao wa mabomba. Kadiri mtambo unavyokuwa mkubwa na mgumu, ndivyo anayeuongoza anavyotakiwa kuwa na daraja la juu. Mfumo wetu umejengwa kwa namna nyingine. EWURA, yaani mdhibiti wa huduma za nishati na maji, huipa leseni mamlaka ya maji yenyewe, na vyombo vya jamii vya vijijini kama chenu husajiliwa kupitia RUWASA, wakala wa maji vijijini, chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Wewe binafsi unapimwa kwa cheti ulichonacho, na ndiyo maana yule kijana alikupita.

Mbele yako zipo njia mbili. Ya kwanza ni VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunza kazini: unatahiniwa kwa vitendo, unaelekezwa pale ulipopungukiwa, kisha unapewa cheti. Kaulize katika chuo chao kilicho karibu nawe. Hata hivyo nakutahadharisha kwamba cheti utakachopata huko kitakuwa cha ufundi bomba, na ufundi bomba haukufundishi maji yanatibiwaje. Kwa hiyo mimi ningekushauri Chuo cha Maji kilichopo Ubungo, Dar es Salaam, ambako mtu huanza na ngazi ya nne ya NTA (ngazi za tuzo za vyuo vya ufundi) na kupanda hadi stashahada, ambayo ni ngazi ya sita. Ukiwa na stashahada unaweza kuomba kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama fundi sanifu, na usajili huo ndio ulio karibu zaidi na leseni unayoiulizia. Wapelekee nakala ya matokeo yako kabla ya kutumia nauli, maana kila kozi ina masomo inayoyadai.

Lakini hebu nijibu jambo moja: dawa ya klorini mnaipimaje hapo kwenu?

Pampu ya Magu:

Shikamoo, mzee. Tangi letu ni la mita za ujazo 100, na tunatia kopo moja la unga kila linapojaa. Kopo hilo nililirithi.

Mstaafu wa Nyegezi:

Marahaba. Hilo kopo ndilo litakalokuangusha kwenye mtihani wowote, uwe wa Ubungo au wa California. Tuseme maji yenu yanahitaji miligramu 2 kwa lita. Tangi lina lita 100,000, kwa hiyo unahitaji gramu 200 za klorini halisi. Na kama unga wenu una nguvu ya asilimia 65, unagawa 200 kwa 0.65 na kupata gramu 308 hivi. Utie unga kwenye ndoo yenye maji, usimimine maji juu ya unga. Uache chokaa iliyomo kwenye unga ituame, kisha umimine yale maji ya juu tangini. Baada ya nusu saa pima mabaki ya klorini, ambayo yanapaswa kuwa kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita kwenye bomba la mteja. Mwani ukichanua ziwani, dozi ya jana haitafaa leo, kwa sababu mwani wenyewe unakula klorini na kupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji), na pH ikipita 8 dawa hupungua nguvu.

Dada wa Chemba, Ilemela:

Naongezea upande wa majitaka, ambao vijana wengi huukimbia kwa sababu ya harufu, ilhali waombaji ni wachache. Hapa Mwanza kuna mabwawa ya kutibu majitaka na mabomba membamba yanayoshuka kutoka kwenye nyumba za milimani, na yote yanahitaji watu. Ukija huku, usiingie kamwe kwenye chemba, lile shimo la kukagulia bomba la majitaka, peke yako. Gesi iliyomo hunuka yai viza mwanzoni, kisha ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani kwamba imeisha. Nimeshuhudia fundi akivutwa kwa kamba, na aliyemwokoa ni mwenzake aliyebaki juu.

Pampu ya Magu:

Nawashukuru sana. Leo nimelipeleka lile kopo dukani likapimwe kwenye mizani: linabeba gramu 540. Sasa naelewa kwa nini akina mama wamekuwa wakilalamika kwamba chai inanuka dawa. Nimenunua daftari la kuandikia dozi na vipimo vya kila siku, na Jumatatu nitatuma nakala ya cheti changu cha kidato cha nne Ubungo.